Uchachu Kwanza: Hotuba kwa Wapishi wa Mwanza kuhusu Samaki wa Kukaanga wa Kithai

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu wa mapishi, mama zangu mnaowahi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kabla jua halijachomoza, kaka na dada zangu wa hotelini, nanyi wanangu mlio bado chuoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie samaki wa kukaanga wa Thailand, yule anayemwagiwa sosi kali yenye uchachu. Nimeitikia kwa furaha, kwa sababu nakipenda chakula hiki kuliko ninavyoweza kueleza nikiwa nimesimama hapa bila karai mbele yangu, na kwa sababu sijui wapishi wanaostahili kukijua vizuri kuliko wapishi wa mji ambao riziki yake ni samaki.

Nimekula katika migahawa kadhaa ya miji yetu ambako menyu imeandikwa "samaki wa Kithai". Mara nyingi anayeletwa ni samaki aliyelowa, amefunikwa sosi nyekundu ya chupa, na pilipili imemwagwa mpaka mlaji anatoa machozi. Mpishi ana nia njema na samaki wake ni mzuri, tatizo ni kwamba ameambiwa Wathai wanapenda pilipili, basi. Leo nataka kuwaondolea dhana hiyo. Sosi ya samaki huyu imesimama juu ya ukwaju. Anayeushika ukwaju ameushika upishi wote, na anayekimbilia pilipili kwanza atakuwa anahangaika kuiokoa sosi tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuanzie kwao. Thailand ni nchi ya maji: mto Chao Phraya unashuka kutoka bara kupitia Bangkok hadi baharini, na huku na huko kuna mifereji, mabwawa na mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Lipo jiwe la maandishi la Mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, linalohesabiwa kuwa la mwaka 1292, lenye maneno ambayo kila mtoto wa shule wa huko ameyasikia: majini mna samaki, mashambani mna mpunga. Kwa karne nyingi samaki huyo alichomwa, akachemshwa, akaanikwa, au akatiwa chumvi na kuachwa achache. Kukaanga kwa mafuta mengi ndani ya karai kulishamiri kwa mikono ya wahamiaji wa Kichina, hasa Wateochew waliohamia Bangkok kwa wingi na kuujenga mtaa wa Yaowarat, ambako hadi leo jioni moshi wa makarai unafunika barabara nzima. Kwa hiyo chakula tunachokizungumzia kina karai la Mchina na ulimi wa Mthai.

Kina majina zaidi ya moja, na mpishi anayekiuza lazima ajue anauza kipi. Pla rat phrik ni samaki mzima wa kukaanga aliyemwagiwa sosi ya pilipili zilizotwangwa. Pla sam rot, yaani samaki wa ladha tatu, ni ndugu yake wa karibu, ila huyu sosi yake ni nzito zaidi, na uchachu, utamu na chumvi vinasikika waziwazi kila kimoja. Kwenye vibanda vingi mpaka kati ya hawa wawili haupo tena, na mimi leo nitawafundisha ule unaokaa katikati. Kuna pla thot nam pla, samaki wa kukaanga anayenyunyiziwa mchuzi wa chumvi wa samaki na kuliwa na kachumbari ya embe bichi. Na kusini kabisa, kuelekea Pattani na Narathiwat ambako wenyeji wengi ni Waislamu wa asili ya Kimalay, kuna pla thot khamin: samaki anapakwa manjano mabichi yaliyotwangwa na kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi, anakaangwa, analiwa hivyo hivyo. Mtu wa Tanga au Unguja akionjeshwa huyo wa mwisho hataona ugeni wowote.

Sasa naomba masikio yenu, maana hapa tunaguswa sisi. Samaki anayekaangwa sana katika nyumba za kawaida za Thailand leo anaitwa pla nin. Ni sato. Ni sato huyu huyu mnayempara kila siku, Oreochromis niloticus, ambaye asili yake ni bonde la Nile na maziwa kadhaa ya Afrika, na ambaye hata humu ziwani mwetu aliingizwa na watu miaka ya 1950. Huko Thailand hakuwapo. Tarehe 25 Machi 1965 Akihito, aliyekuwa mrithi wa kiti cha ufalme cha Japani, alimpelekea Mfalme Bhumibol samaki 50 wa aina hiyo. Mfalme akawafuga katika bwawa la kasri lake la Chitralada, Bangkok, wakazaana vizuri, na mwaka 1966 akaipa idara ya uvuvi vifaranga 10,000 ili visambazwe kwa wafugaji. Kutokana na mbegu hiyo sato akawa kitoweo cha watu wa kawaida nchini humo. Kwa hiyo mama akikuuliza, "Lakini samaki wetu anafaa kweli?", mjibu kwamba Wathai wenyewe wanampika huyo huyo.

Na sangara je? Huko kuna samaki mkubwa mweupe anayeitwa pla kapong khao, anayefugwa kwenye maji ya chumvi na ya mchanganyiko, na mikahawa mizuri ya pwani ndiyo inamtumia kwa chakula hiki. Wataalamu wamemweka yeye na sangara katika jenasi moja, Lates. Sangara mchanga anayeenea kwenye karai anakubali upishi huu bila taabu. Sangara mkubwa mkate vipande vinene vyenye ngozi, kwa sababu bila ngozi raha yote ya kukaanga inapotea. Kambale naye anakaangwa sana kule, na yeye ana mafuta yake mwenyewe, kwa hiyo mpunguzieni utamu kwenye sosi.

Kuchagua samaki sitawafundisha, ingekuwa kukosa adabu mbele ya watu wa Kirumba. Nasema tu awe mzima, mwenye kichwa na mkia, wa gramu 700 hadi 800. Akizidi hapo, nje ataungua kabla ndani hajaiva.

Nitakaa zaidi kwenye maji. Mtu anapokosea samaki wa Kithai, kosa la kwanza limetokea kabla moto haujawashwa: samaki ameingia kwenye mafuta akiwa na maji. Maji yakiwa juu ya ngozi, joto la ngozi haliwezi kupita nyuzi 100 za Selsiasi mpaka yamalizike kuwa mvuke, hata kama mafuta yako yana nyuzi 180. Na ile rangi ya dhahabu pamoja na harufu ya kukaangika havianzi mpaka ngozi ifike kama nyuzi 140. Kwa hiyo samaki mwenye maji anakaa mle ndani akichemka, nyama inalainika na kupasuka, ngozi inang'ang'ania karai, mafuta yanapoa, na wewe unaongeza moto kwa hasira. Mkaushe. Ukishampara, kumtoa matumbo na mashavu na kumwosha, mfute kwa kitambaa safi nje na ndani ya tumbo, kisha mchanje chale tatu au nne kila upande, za kulalia, kisu kifike karibu na mfupa. Mpake chumvi kidogo, mweke kwenye waya au ungo kwa dakika 20. Utaona ametoa maji tena. Mfute tena. Wenye jokofu mwacheni humo saa kadhaa bila kumfunika, ngozi yake itakuwa kama karatasi, na hapo ndipo ninapoanza kumpenda.

Zile chale zina kazi tatu: zinaingiza joto hadi mfupani, zinatoa mvuke usije ukapasua nyama, na baadaye zinapokea sosi. Wengine wanachanja mistari ya kupishana ili vipande vya nyama visimame kama magamba makubwa mtu achukue kwa kijiko. Inapendeza, ila inataka mkono mwepesi na kisu kikali.

Unga? Wapo wanaopaka na wapo wasiopaka. Mimi kwa sato mzima napaka unga wa mchele, safu nyembamba sana, nikamkung'uta mpaka unga wa ziada wote uanguke. Unga wa ngano una mnato, unatengeneza koti nene linalolowa mara sosi inapofika. Unga wa mchele unakauka na kubaki mkavu kwa muda. Msimtie mayai, msimtie maziwa, wala masala ya kuku. Huyu anavaa kidogo sana.

Karai. Ndilo chombo hasa, kwa sababu ya umbo lake: mafuta machache yanakuwa na kina pale katikati, mkia na kichwa vinapumzika pembeni. Lita moja ya mafuta inatosha. Yapashe moto mpaka ukichovya ncha ya kijiti kikavu cha mbao mapovu madogo yanakizunguka mara moja kwa haraka. Hapo ni karibu nyuzi 180. Mshike samaki mkia, mteremshe kuanzia kichwa, ukimwelekeza mbali nawe. Kisha mwacheni! Nasema kwa mkazo, maana mikono yetu haitulii. Dakika tano au sita bila kumgusa, moto wa kati, huku ukimwagia mafuta ya moto kwa upawa sehemu zilizo juu. Ngozi ikishakauka itaachia karai yenyewe. Ukimgeuza kabla, utamwacha nusu yake chini. Mgeuze mara moja tu, dakika nne au tano nyingine.

Tumieni masikio pia. Samaki akiingia, mafuta yanapiga kelele nyingi, kwa sababu maji yanatoka kwa wingi. Kadiri anavyokauka kelele inashuka, mapovu yanapungua. Kelele ikibaki ya chini na ya kukatika-katika, mtoe, msimamishe kwenye waya achuruze. Msimlaze juu ya karatasi, upande wa chini utalowa kwa mvuke wake mwenyewe. Kwa wateja wanaotaka akauke zaidi, mpumzishe dakika tano, ongeza moto, mrudishe dakika moja na nusu. Mapezi na mkia vitavunjika mdomoni, na kuna watu wanaovigombania.

Sosi sasa. Kwa samaki mmoja chukueni vitunguu vidogo vyekundu vinne, punje nane za kitunguu saumu, pilipili ndefu nyekundu tano zilizotolewa mbegu, pilipili kichaa mbili au tatu kadiri ya mlaji, punje kumi za pilipili manga, na mizizi mitatu ya giligilani. Nimesema mizizi, na nimeona mmetazamana. Sokoni giligilani inauzwa na mizizi yake na sisi tunaikata na kuitupa. Kwa Wathai, mzizi wa giligilani, kitunguu saumu na pilipili manga vikitwangwa pamoja ndiyo roho ya jiko. Uoshe udongo vizuri kwa brashi, ukwangue, uukate vipande vidogo. Harufu yake ni nzito kuliko ya majani na haipotei kwenye moto. Kuanzia leo naomba hata mmoja wenu asiitupe tena.

Vyote hivyo vitwangwe kwenye kinu, kuanzia vile vigumu: punje za pilipili manga na mizizi kwanza, kisha saumu, kisha pilipili, vitunguu mwisho. Msiwe na haraka ya kufikia ulaini wa uji. Kinachotakiwa ni mchanganyiko unaoonyesha bado hapa kipande cha saumu, pale ngozi ya pilipili. Mashine ya kusagia inaikata pilipili na kuitia maji, mwishowe unakaanga kitu kinachochemka. Mchi unaiponda na kuitoa mafuta yake. Wenye hoteli yenye wateja mia watanipinga, na ninawaelewa, basi wasage kwa mkupuo mfupi mfupi bila tone la maji.

Ukwaju uwe umelowekwa mapema: gramu 50 za ukwaju mnene kwenye robo tatu ya kikombe cha maji ya moto, robo saa, kisha uukande kwa vidole, chuja, ubaki na maji mazito ya rangi ya udongo. Mti huu ni wa kwetu. Ingawa jina lake la kitaalamu linautaja Uhindi, Tamarindus indica asili yake ni Afrika ya kitropiki, na kutoka huku ulivuka bahari zamani sana hadi India na mbele zaidi. Wathai wanaupanda, wana hata aina tamu wanayoila kama tunda, lakini ule mchachu ndio unaofanya kazi jikoni. Uchachu wake ni wa mviringo, una utamu ndani yake, na unavumilia moto. Ndimu haivumilii: ukiipika inageuka kuwa chungu na harufu yake inakimbia. Ndiyo maana kwa sosi ya kupikwa tunatumia ukwaju, na kwa ile sosi mbichi ya kuchovya inayoitwa nam jim tunakamua ndimu dakika ile ile ya kula. Na siki? Siki inakata ulimi halafu inatoweka. Sijaona sosi hii ikipona baada ya kutiwa siki nyingi.

Utamu unatokana na sukari ya miti ya huko: ya mnazi kutoka Samut Songkhram, na ya mti wa jamii ya mvumo kutoka Phetchaburi. Utomvu unagemwa, unachemshwa, unaganda. Sisi tuna sukari guru, na ingawa ni ya miwa, ule weusi wake na harufu yake vinaifaa sosi hii mara kumi kuliko sukari nyeupe. Ikwangueni kwa kisu, vijiko vinne vya chakula.

Chumvi inatoka kwenye nam pla. Naomba msiiogope. Ni dagaa wadogo wa baharini waliochanganywa na chumvi, kwa kawaida sehemu tatu za dagaa kwa moja ya chumvi, wakawekwa kwenye mapipa au matangi mwaka mzima, mara nyingi hadi miezi 18, katika joto la pwani kama kule Rayong. Nyama yote inayeyuka, inabaki maji ya rangi ya kahawia angavu. Harufu yake chupani ni kali, hilo siwafichi. Ikigusa karai la moto inabadilika, inakuwa harufu ya nyama iliyochomwa. Maduka makubwa yanaiuza. Someni kibandiko: iwe dagaa, chumvi, pengine sukari kidogo, basi. Mama mmoja ameniuliza mlangoni afanyeje akiikosa. Mama yangu, chukua kiganja cha dagaa wakavu waliosafishwa, wachemshe na chumvi kwenye kikombe cha maji mpaka yabaki robo, chuja kwa kitambaa. Haitakuwa nam pla, lakini chumvi yako itakuwa na samaki ndani yake, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Pilipili nimeiacha mwisho makusudi. Pilipili tunazozitwanga zilitoka Amerika. Wareno walifika Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa nchi ile, mwaka 1511, miaka michache tu baada ya kuivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na pilipili ilisambaa katika bahari zetu kwa biashara iliyoanza enzi hiyo. Kabla ya hapo, Mthai aliyetaka ukali alitumia pilipili manga, tangawizi na khulinjani, mzizi wa jamii ya tangawizi. Wakati huo samaki alikuwapo, ukwaju ulikuwapo, chumvi ya samaki ilikuwapo. Pilipili ilikuta nyumba imeshajengwa. Ndiyo sababu nawaambia mpishi mwenye mgeni asiyekula ukali kabisa anaweza kutoa mbegu zote, kupunguza pilipili hadi moja kwa ajili ya rangi, na bado akapika samaki wa kweli. Akiondoa ukwaju, chakula kimekwisha.

Twende kwenye moto. Mimina kando mafuta uliyokaangia samaki, acha vijiko vitatu ndani ya karai. Moto wa kati. Tia vile ulivyotwanga, koroga bila kuacha, mpaka saumu ianze kupata rangi na watu wa chumba cha pili waanze kukohoa. Dakika tatu, nne. Tia sukari guru, iache iyeyuke na kuanza kutoa mapovu mazito, iive kidogo, rangi ikolee. Hapo tia vijiko vitatu vya nam pla kwa kuizungusha kwenye ukingo wa karai, iungue kidogo inaposhuka. Halafu vijiko vitano vya maji ya ukwaju na vitatu vya maji ya kawaida. Acha ichemke mpaka iwe rojo, ukichota na mwiko inashuka polepole.

Sasa zima moto, hesabu taratibu hadi thelathini, ndipo uonje. Ulimi uliochomwa haujui lolote. Onja na punje chache za wali mweupe, kwa sababu sosi hii italiwa na wali, na peke yake lazima ikuzidi kidogo. Kinachotakiwa kikufikie kwanza ni uchachu, mara hiyo hiyo utamu unaulainisha, chumvi inabaki nyuma ikishikilia, na ukali unakuja mwishoni kooni. Ukisikia utamu kwanza, ongeza ukwaju. Ukikunja uso, ongeza sukari kwa ncha ya kijiko. Ukisikia uchachu na utamu vimegombana, kila kimoja kimesimama kivyake, hapo kinachopungua ni chumvi, na matone machache ya nam pla yatavipatanisha. Vipimo nilivyowapa ni vya kuanzia tu: ukwaju wa Dodoma na ukwaju wa Tabora haulingani, na mfuko wa mwaka huu haulingani na wa mwaka jana. Kwa hiyo kila siku sosi itapikwa upya kwa ulimi, na hakuna karatasi itakayokuonjea.

Kuhusu zile chupa, nitasema waziwazi. Ile sosi tamu nyekundu yenye mbegu za pilipili inayouzwa kila duka, Thailand kwenyewe ni ya kuchovya kuku wa kuchoma, na kwa kuku huyo ni nzuri kabisa. Kumwaga chupa nzima juu ya samaki na kumwita samaki wa Kithai ni kumpunja mteja, na zaidi ni kumpunja samaki aliyevuliwa usiku kucha. Sosi ya nyanya nayo ina chakula chake huko, kile cha tamu-chachu chenye nanasi na matango. Hapa haina nafasi.

Samaki na sosi vikutane dakika ya mwisho. Mweke samaki kwenye sahani ndefu, peleka mezani, kisha umimine sosi mbele ya mlaji, mwilini, ukiacha kichwa na mkia vikavu. Juu yake majani ya giligilani, na ukipata mrehani, kaanga majani yake sekunde kumi tu kwenye mafuta, yakauke kama kioo, yatawanye. Jani la mndimu lililokatwa nyuzi nyembamba sana linaleta harufu ya juu ambayo ukwaju hauna. Kando wali mweupe usio na chumvi wala nazi. Najua tunaupenda wali wa nazi, nami naupenda, lakini mbele ya sosi yenye utamu na mafuta unamchosha mlaji baada ya vijiko vitano. Ugali je? Nimemla samaki huyu nao, unakubali, hasa ukiwa laini, maana unaifuta sosi vizuri kwenye sahani. Matango mabichi yawepo. Huko samaki anawekwa katikati, watu wote wanachota kidogo kidogo juu ya wali wao, hakuna anayepewa samaki wake peke yake, na nadhani kwa familia zetu huo ndio mtindo unaotufaa.

Kwa mama lishe: sosi hii inapikwa asubuhi kwa wingi. Sukari, chumvi na uchachu wake vinaitunza, kwenye jokofu inakaa siku kadhaa bila kuharibika ladha. Samaki wachanjwe, wakaushwe mapema, wakae kwenye baridi. Mteja akiagiza, unakaanga, unapasha sosi kwa kijiko cha maji, unamimina. Gharama iliyoongezeka juu ya samaki wako wa kila siku ni kipande cha sukari guru, ukwaju, pilipili na vijiko vya nam pla, na chupa moja inahudumia samaki wengi. Mafuta yachujwe kila siku kwa kitambaa. Yakianza kuwa meusi na kutoa povu hata bila samaki, yamwagwe, kwa sababu mafuta machovu yanaharibu samaki mpya kwa pigo moja.

Sijaja na hotuba peke yake. Pale nyuma kuna majiko manne ya mkaa yameshakolea, makarai yako juu yake, na sato wameparwa lakini hawajafutwa wala kuchanjwa. Ukwaju umelowekwa tangu nilipoanza kusema. Naomba wanafunzi wanane waje mbele, wawili kwa kila jiko, na kila jiko lisimamiwe na mama mmoja mzoefu. Vinu viko chini ya meza. Mizizi ya giligilani nimeiweka kwenye bakuli la bluu, anzeni nayo.